Roboti Yenye Picha ya Bwana Toleo

Kuna watu ambao hata wakiomba kupitishiwa chumvi huomba kwa namna ya kukukemea. Bwana Toleo alikuwa mmoja wao. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alibandikwa na wagonjwa wa kliniki ya dada yake, kwa sababu kila alichokitengeneza kiliharibika, na kila kilipoharibika alieleza, kwa sauti ya mtu anayewahurumia wajinga, kwamba hilo lilikuwa toleo la kwanza tu. Kufuli la namba aliloliweka kwenye mlango wa choo lilimfungia ndani bibi mmoja mwenye nyonga mbovu, mpaka mlango ukang'olewa. Toleo la kwanza. Taa ya ukumbini aliyoifundisha kujiwasha mtu akipita ikawa inajizima mtu akipita. Toleo la kwanza. La pili hakuna aliyewahi kulitia machoni.

Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi za pembeni na kitambi kilichoingia mlangoni kabla yake. Kompyuta alizijua, hilo tusimnyang'anye. Asichokijua ni watu, na wala hakuona kama huo ni upungufu. Alifanya kazi kwenye kampuni ya bima akaondoka kwa sababu bosi wake hakuwa na upeo. Akafundisha chuoni akaondoka kwa sababu wanafunzi waliuliza maswali ya kianafunzi. Sijui alitaka waulize ya nani. Kila alipoondoka alijipa moyo kwamba wamempoteza, na kila walikompoteza watu walishusha pumzi. Mwishowe akahamia chumba cha nyuma cha kliniki ya dada yake, yeye na kompyuta yake, na kiti chake cha kuzunguka, na chuki yake kwa binadamu yeyote anayeuliza jambo lililokwisha kuandikwa mahali.

Mtu mmoja tu ndiye aliyebaki upande wake, naye ni mama yake. Mama alikuwa mjane mpole, wa kumjulia hali kila mtu hadi mpiga deki na mtoto wa mpiga deki. Ndugu walipoanza kumchambua mwanawe aliwakatisha: si mkorofi huyo, ana mambo mengi kichwani. Alisema hivyo harusini, akasema hivyo msibani, na watu wakaacha kumbishia kwa heshima yake yeye, si ya huyo mwenye mambo mengi. Mwana naye alimlipa kwa namna yake. Mama akimpigia simu aliambiwa aandike, na akiandika aliambiwa afupishe.

Kisha mama akapatwa na kiharusi. Alipona, lakini mkono wa kushoto ukabaki umelegea na mguu wa upande huo ukawa wa kukokotwa. Akakataa katakata kuhama kwenye nyumba yake ya ghorofani upande wa pili wa mji. Binti yake, ambaye kazi yake ndiyo hiyo hiyo ya kurudisha viungo vya watu kwenye wajibu, akamwingiza kwenye orodha ya wagonjwa wake na kumkaripia kama wengine. Mkono unataka mazoezi, alimwambia. Ukiuacha utakakamaa, na ukikakamaa tusilaumiane.

Wagonjwa walimwita binti huyo Dokta, ingawa yeye mwenyewe alichoka kuwaambia kuwa si daktari. Kliniki yake ilikuwa vyumba viwili na ukumbi mwembamba wenye benchi. Chumba cha mbele kilikuwa na kitanda cha kukandia, mipira mikubwa ya kukalia, kamba iliyopita kwenye gurudumu la dari kwa ajili ya kunyanyulia mabega, na harufu ya dawa ya kuchua iliyoingia hadi kwenye pazia. Kutwa nzima mikono ya Dokta ilikuwa na mafuta, na kutwa nzima simu ya kliniki ilikuwa inalia. Binti wa mapokezi alipopata kazi pengine, Dokta akabaki anashika simu kwa kiwiko na kuibana kwa bega, na siku moja ikamponyoka ikaangukia mgongo wa mgonjwa.

Hapo ndipo Bwana Toleo alipotoka chumba cha nyuma na kutangaza kuwa binti wa mapokezi hahitajiki tena duniani. Ataunda roboti ya kuchati. Mgonjwa ataiandikia kwenye namba ile ile ya kliniki, nayo itampangia miadi, itamfutia, itamwambia bei, bila kuchoka na bila kwenda chai.

Dokta alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hukubali mambo.

"Mimi nataka kitu kimoja, kaka," alisema. "Mgonjwa akiandika, apate msaada. Mama naye yumo humo. Akirudishwa hata mmoja, basi, utafute pa kwenda, na mimi sitakutetea tena mbele ya mtu."

Kaka mtu alicheka kwa pua. Alijua kwamba hata dada akiacha kumtetea, mama hataacha.

Sasa, roboti za namna hii haziundwi kuanzia mavumbini. Wenye kazi hiyo wana kitu wanachokiita kiunzi. Kiunzi kinakupa mifupa, nyama unatia mwenyewe. Ndani yake kila amri inakaa kwenye faili lake: ya kupanga miadi kivyake, ya kufuta kivyake, ya bei kivyake. Ukitaka kuongeza amri unaongeza faili, ukitaka kuondoa unatoa faili, na zilizobaki hazina habari kama kuna aliyehama. Roboti ikiamka inapitia folda, inasoma kilichomo, inaingia kazini. Mpangilio mzuri, hata mimi nisiyependa vitu vya mtu huyu siwezi kuukosoa. Na kiunzi kilikuja na mwongozo wa kuanzia, ulioandikwa kwa upole na mtu ambaye ungeapa kuwa amewahi kukosea.

Mwongozo ulimtaka anayeanza aunde kwanza amri moja ndogo: mtu anaandika "upo", roboti inajibu "nipo". Halafu ampe mtu mwingine aijaribu kwa simu yake mwenyewe, kwa sababu mwenye roboti hazuiliwi na mlango wowote, kwa hiyo akijaribu peke yake ataona kila kitu kinafanya kazi. Ulisema hivyo kwa maneno mepesi, kwenye ukurasa wa kwanza. Bwana Toleo aliuona ukurasa huo umeandikwa "Kwa Wanaoanza" akaupita pale pale. Tangu lini yeye akawa anaanza?

Akaanzia sura ya walinzi. Katika kiunzi hicho unaweza kuweka mlinzi mbele ya kila amri, wa kuuliza huyu ni nani, amesajiliwa, ameandika sawasawa, amerudia mara ngapi. Hapo ndipo mtu wetu alipojiona yuko nyumbani. Aliwaweka walinzi kila kona. Aliamua kuwa ujumbe wowote usioanza na alama ya mshangao si amri, na usio amri haustahili jibu la adabu. Aliamua kuwa mgonjwa asiyejisajili haruhusiwi chochote. Na yeyote atakayekosea mara kwa mara afungiwe nje hadi kesho yake, apate muda wa kutafakari. Majibu ya kukataa aliyaandika mwenyewe, kwa furaha, akiyasoma kwa sauti na kuyanoa, na Dokta aliyekuwa chumba cha pili alidhani kaka yake ameanza kuandika tenzi. Amri ya kupanga miadi nayo aliiandika, na ya bei, na ya kufuta. Ile ya kujisajili, ambayo ni kumuuliza mtu jina na namba tu, aliiona kazi ya kitoto. Akaiweka kiporo.

Mwisho ilibaki picha. Dokta alipendekeza picha ya mlango wa kliniki, watu waujue. Bwana Toleo akaweka yake, amekunja mikono kifuani, kidevu juu.

Siku ya kuizindua alimwonyesha dada yake kwa simu yake mwenyewe. Akaandika amri ya kupanga, roboti ikapanga. Akaandika ya bei, ikataja. Kila mlango ulifunguka mbele yake, kwa kuwa ndiye mwenye roboti, na yeye akadhani milango inafunguka kwa kuwa ameijenga vizuri. Dokta aliridhika, akatabasamu kidogo. Kaka mtu akamtaka azime simu yake binafsi na kuifungia kwenye droo, maana wagonjwa wakiona wanaweza kumpigia watazoea vibaya. Mapema asubuhi hiyo akamtumia mama yake ujumbe wa onyo: leo usinipigie wala usimpigie dada, ukiwa na shida iandikie kliniki.

Asubuhi ile benchi la ukumbini lilikuwa tupu. Dokta alitoka mara ya kwanza akatazama, akatoka tena akatazama.

"Unaona utulivu huo?" kaka yake alimwuliza kutoka kwenye kiti chake cha kuzunguka. Akamweleza kuwa ndivyo mahali penye mpangilio panavyokuwa. Watu wanakuja kwa wakati wao, hawaji kukaa benchini na kuongea habari za mifugo. Dokta alirudi ndani akapanga upya mipira yake.

Wa kwanza kuingia alikuwa dereva wa lori mwenye mgongo uliopinda kwa miaka ya usukani. Bwana Toleo alimzuia mlangoni na kumuuliza kama ana miadi. Dereva akasema ameandika tangu alfajiri, na ameambiwa hana ruhusa.

"Basi kama huna ruhusa, huna ruhusa," Bwana Toleo alimjibu, na hata hapo hakuona ubaya wowote kwenye sentensi hiyo.

Dereva alikuwa mtu wa subira, kazi yake inamfundisha. Akamwonyesha simu. Alikuwa ameandika habari za asubuhi, pole na kazi, samahani kwa usumbufu, naomba kuuliza kama Dokta yupo. Bwana Toleo alitikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. Akamwambia roboti haina haja ya habari za asubuhi, ikipata alama ya mshangao ikifuatiwa na amri, yatosha. Dereva akaandika alivyoelekezwa. Roboti ikajibu kuwa hana ruhusa, ajisajili. Dereva akaandika amri ya kujisajili. Roboti ikajibu: "Amri haijulikani. Soma maelekezo kabla ya kuandika."

Dereva alimtazama mtu aliye kwenye picha, kisha akamtazama mtu aliye mbele yake.

Hapo Bwana Toleo alielewa. Si mtu wa kukosa akili, nimekwisha kusema. Alielewa kwamba mlango wa kusajili haupo, na kwa hiyo hakuna mgonjwa hata mmoja aliyesajiliwa, na kwa hiyo tangu alfajiri roboti imekuwa ikiwafukuza wote, mmoja mmoja, kwa maneno aliyoyanoa yeye mwenyewe. Jambo la kufanya lilikuwa jepesi na alilijua. Azime roboti, atoe simu ya dada kwenye droo, aingie chumba cha mbele aseme: nimekosea. Neno moja hilo. Lakini neno hilo halikuwahi kupita kwenye ule mdomo tangu ajue kusema, na asubuhi ile nayo halikupita. Alimwambia dereva arudi kesho. Akaingia chumba cha nyuma, akafunga mlango, akaanza kuandika faili la kusajili harakaharaka huku roboti ikiendelea kufanya kazi. Alijiambia likiwa tayari kabla dada hajatoka, hakuna kilichotokea.

Faili la kitoto likamtoa jasho. Jina la mgonjwa likaingia mahali pa namba, namba ikapotea, akafuta, akaanza tena. Simu ya kliniki iliyokuwa mezani pake ilikuwa ikitetema kila ujumbe ulipoingia, na kelele hiyo ikamkera. Akaigeuza kifudifudi, kisha akaiwekea mto wa kiti juu yake.

Jua lilikuwa limeshahamia upande wa pili wa ukumbi alipomaliza. Akanyoosha mgongo, akafungua mlango na uso wa mtu asiye na habari. Akakuta ukumbini yupo fundi wa kuchomelea vyuma, jirani wa mama yake wa ghorofa ya chini, bado na aproni yake yenye matundu ya cheche. Alikuwa amemshika mama kiunoni, akimkalisha kwenye benchi taratibu. Mama alikuwa ameubana mkono wa kulia kifuani. Ule wa kulia, ule mzima. Ulikuwa umevimba kifundoni.

Dokta, aliyekuwa akipanga chupa za dawa ya kuchua, alitoka na mafuta mikononi. Akapiga magoti mbele ya benchi bila kufuta mikono, akaushika mkono ule kwa vidole viwili, akaona kinachohitaji kuonwa.

Fundi alieleza kwa ufupi. Alirudi kwake kufuata kifaa alichokisahau, akamkuta bibi amekaa kwenye ngazi, kati ya ghorofa na ghorofa. Alikuwa anashuka kuja kliniki, mguu ule ukamsaliti, akaanguka akiutanguliza mkono. Kwa alivyomkuta alikuwa amekaa pale tangu asubuhi. Na hakuwa analia wala kuita, fundi alisema. Alikuwa amekaa tu na simu mapajani.

"Mama, kwa nini hukutwambia?" Dokta aliuliza.

Mama akasema alipiga kwanza, ingawa alikatazwa. Simu ya binti imezimwa, ya kliniki haipokelewi. Ndipo akamwandikia mwanawe kwenye namba ya kliniki. Mkono wa kulia ulikuwa haushiki kitu, kwa hiyo aliandika kwa wa kushoto, kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, na akaomba radhi kwamba huenda aliandika vibaya.

Dokta aliinua macho. Kidole hicho ndicho alichokuwa akikibembeleza kila mazoezi kinyanyuke hata kidogo, na kilikuwa kikigoma. Akachukua simu kwenye mapaja ya mama akasoma kwa sauti, pole pole, na Bwana Toleo alitamani ukumbi ule uwe na mlango mwingine.

"Hujambo mwanangu. Pole na kazi," Dokta alisoma. "Na hapa unajibu: Amri haijulikani. Soma maelekezo kabla ya kuandika. Mama anasema: Samahani baba. Nimeanguka kwenye ngazi. Nimeumia ule mkono mzima. Unajibu vile vile. Mama anasema: Naomba uje unichukue, siwezi kusimama. Unajibu." Hapo aliisogeza simu karibu na macho. "Umesumbua vya kutosha. Rudi kesho."

"Si mimi," Bwana Toleo alisema. "Mama, hiyo ni roboti."

"Ina picha yako," mama alisema.

"Picha ni yangu. Lakini anayejibu ni roboti, mama. Ni programu."

"Na maneno haya ameyaandika nani?"

Fundi wa kuchomelea alivitazama viatu vyake kwa niaba ya wote.

"Izime," Dokta alisema. Hakupaza sauti. Hakutaja yale masharti yao wala hakumkumbusha kitu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mtu anayekukumbusha masharti bado anajadiliana na wewe. Alisimama akaenda kutafuta bandeji na kipande cha ubao cha kukazia kifundo.

Bwana Toleo akachuchumaa pale dada yake alipokuwa amepiga magoti. Alitafuta maneno. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitaka kujieleza kwa mtu na asimkosoe, na hakujua pa kuanzia. Akasema kwamba kuna faili lilikosekana, na kwamba sasa lipo. Akasema kama angejua ni yeye angekuja mbio. Akasema, na hapa sauti ilimtoka nyembamba, asifikirie hata kidogo kwamba mwanawe anaweza kumwambia maneno kama yale.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu ile ile anayowasikiliza nayo wageni. Uso wake haukuwa na hasira. Ungekuwa na hasira kaka mtu angejua la kufanya, angemngoja apoe.

"Mimi wala sikushangaa," alisema. "Niliposoma nikajua ni wewe. Ndivyo unavyonijibu siku zote, mwanangu. Nikasema, basi ana kazi, nisimsumbue. Nikakaa."

Huko ndani Dokta alikuwa akifungua na kufunga makabati.

Mama alikuwa na kiu. Hakuwa ameweka kitu kinywani tangu asubuhi, na sasa hakuwa na mkono wa kushikia glasi. Alimtazama mwanawe aliyechuchumaa miguuni pake, karibu kabisa na meza yenye jagi la maji. Kisha akageuka upande wa pili, akamwomba radhi fundi kwa usumbufu, na kumuuliza kama anaweza kumnywesha maji kidogo.